Tarumbeta la Asajile Lilivyorudi Ibaba

Kwanza niwataje waliokuwepo, ili mkisikia jina mjue ni la nani. Nilikuwepo mimi Subilaga, mjane wa Asajile Kibona, ambaye ninyi majirani zangu wa Sogea hapa Tunduma mlimjua kama Baba Anyisile, fundi wa vitanda. Anyisile binti yetu alikuwepo kwa simu tu, maana alibaki Tunduma na mimba yake kubwa. Njiani alikuwepo Mama Kulwa, Msukuma wa kule Kamsamba. Hatuna undugu, ila tulikaa kiti kimoja. Dereva aliitwa Simbeye. Huko Ibaba alikuwepo Tumpe, dada yake Asajile, kwangu mimi ni wifi. Alikuwepo Ipyana, mwana wa Tumpe, ambaye Asajile ni mjomba wake na ndiye aliyemlea baada ya baba yake kuondoka. Na Mzee Mwampashi, kiongozi wa matarumbeta ya kanisa. Hao ndio nitakaowataja sana.

Mmekuwa mkiniuliza pale bombani, "Bibi, ilikuwaje huko?" Nami najibu kipande, ndoo inajaa, mnaondoka na nusu ya habari. Sasa naandika yote. Shule yangu ni darasa la nne, lakini majina nayashika.

Kwetu Ibaba, milimani Ileje, Pasaka alfajiri watu wanapanda makaburini kabla jua halijatoka. Matarumbeta yanatangulia. Jua likichungulia, yanasomwa majina ya waliokufa tangu Pasaka iliyopita, halafu unapigwa wimbo wa mwisho. Asajile alipiga pale tangu ujana wake. Alikuwa na tabia moja. Wimbo ukiisha, wenzake wakishusha matarumbeta, yeye anaendelea kuivuta ile sauti ya mwisho, peke yake, ndefu, mpaka mishipa ya shingo inasimama. Mzee Mwampashi alimgombeza miaka yote. "Kibona, sisi tumemaliza. Wewe unampigia nani?"

Alimpigia dada yake. Tumpe miguu yake ilikufa angali msichana, hawezi kukipanda kile kilima. Siku hiyo anabaki kule chini, anakaa mlangoni na mfuniko wa sufuria mapajani. Akiisikia ile ndefu, anagonga mfuniko, nasi tunausikia kutoka bondeni. Asajile anacheka, anajifuta midomo, ndipo kwake Pasaka imeanza.

Baada ya Pasaka ya mwaka jana akaugua. Tukamleta Tunduma kwa Anyisile, naye akaja na tarumbeta lake, hakutaka kuliacha. Alipata nafuu, akaunda vitanda hapa miezi michache. Alipofariki tukamrudisha Ibaba tukamzika, mimi nikarudi kwa binti yangu. Tarumbeta likabaki chini ya kitanda, limeviringishwa katika kitenge. Sikulifungua hata mara moja.

Wiki ile ya Matawi, Tumpe akanipigia simu. "Wifi, mwaka huu jina la kaka litasomwa. Nisipoisikia ile ndefu, kwangu mimi atakuwa hajasomwa. Lilete, Ipyana atapiga."

Nikasema nitalileta. Hapo ndipo hofu yangu ya kutolifikisha ilipoanza, na haikuniacha mpaka mwisho.

Tunduma mpaka Mpemba

Jumamosi asubuhi Anyisile akataka nilitie tarumbeta kwenye begi. Nikakataa. Begi linarushwa, linakaliwa. Tarumbeta lile tayari lina kovu, maana mbuzi alilikalia mwaka tuliooana, na Asajile alilinyoosha kwa mpini wa nyundo akilibembeleza kama anayekanda mtoto tumbo. Nikalifunga mgongoni kwa kitenge, kama nilivyowabeba wanangu.

"Mama, watu watakucheka."

"Wacheke. Mgongo ni wangu."

Foleni ya malori siku ile ilikuwa imelala barabara nzima, mnajua inavyokuwa karibu na sikukuu. Bajaji ikajipenyeza, ikakwama kati ya lori la mbolea na lori la shaba. Dereva wa bajaji akazima, akanunua maandazi, akaanza kula kana kwamba ndipo tulipokuwa tunaenda. Gari za Ileje hazichelewi kukatika siku ya mvua, na mawingu yalikuwa yameshaanza kukaa upande wa milimani.

Dereva wa lile lori la shaba, Mzambia, alikuwa anapika uji kando ya tairi. Akaniona ninavyohangaika.

"Bamayo," akaniita, yaani mama, "mtoto anataka uji?"

Nikamwambia huyu hali uji. Akacheka, akanimiminia mimi kikombe. Uji wa karanga, mzito, mtamu. Nikakumbuka Asajile alivyokuwa anakaa na hawa madereva jioni, anawatengenezea vibao vya kulalia ndani ya malori yao, na wanamwita Tata, yaani baba. Nikamuuliza huyu kama alimfahamu fundi mrefu mwenye koti la kahawia. Akafikiri, akasema, "Yule wa kuongea sana?"

Ndiye huyo. Nikamwambia amefariki. Akaushika mkono wangu kwa mikono yake miwili. Kisha akawapigia kelele wenzake, wakasogeza lori nyuma kidogo, tukapita. Natotela, nikamwambia. Ndilo neno lao la asante ninalolijua.

Mpemba mpaka Itumba

Gari ya Simbeye ilikuwa inasubiri kujaa, na haikutaka kujaa. Kila akiingia mtu, anashuka mwingine kununua soda. Nikakaa na Mama Kulwa, mwanamke mnene mwenye jogoo miguuni na kifurushi cha michembe, vile vipande vikavu vya viazi vitamu wanavyotafuna kwao. Alikuwa anakwenda kumwona binti yake aliyeolewa huku milimani, mara yake ya kwanza.

Tulipoondoka akawa ananichungulia mgongoni. Mwisho akashindwa kuvumilia.

"Bibi, huyo mjukuu tangu tumekaa hajalia. Mlegeze apumue."

Mimi mawazo yangu yako kwenye mawingu. Nikamjibu, "Huyu hana pumzi mpaka apulizwe."

"Uwiii! Simamisha gari! Bibi amebeba maiti!"

Simbeye akakanyaga breki, jogoo akaruka, abiria wote wakageuka. Mwanaume mmoja wa nyuma akaanza kusali. Ikabidi nifungue ncha ya kitenge niwaonyeshe ule mdomo mpana wa shaba. Wakaangua kicheko ambacho sijakisikia tangu msiba. Mama Kulwa alicheka mpaka akalia, akanipigapiga paja. "Bibi, umeniua! Haya, mtoto wako jina lake nani?"

"Asajile," nikasema. Nami nikacheka. Nawaambia kweli, nilicheka.

Mbele kidogo tukasimamishwa na wakaguzi wa mizigo. Kijana mmoja akaniambia, "Bibi, huyo mtoto mbona anang'aa?" Akataka nilifungue lote. Nikalitandaza kwenye kitenge kando ya barabara. Akaliinua, akaligeuza, akalitikisa kama kuna kitu ndani. Mwenzake, mtu mzima kidogo, akasogea akitabasamu. Akasema na yeye alipiga kanisani utotoni. Akalichukua kwa adabu, akataka kulijaribu, akasita.

"Bibi, kipulizio kiko wapi?"

"Kipo hapo."

"Hakipo. Hiki kipande cha kuwekea midomo hakipo. Bila hicho, hili ni bomba tu, na vya siku hizi haviliingii."

Nikapapasa kitenge. Nikapapasa begi. Nikapapasa hata kifua changu. Hakipo. Yule mtu akaniviringishia tarumbeta vizuri, akasema, "Nenda tu, bibi, utakikuta nyumbani." Lakini mimi nilikuwa nimeshajua kiko wapi.

Asajile, kwa sababu ya baridi ya kwetu, alikuwa akikichomoa kile kipulizio na kukitia mfukoni mwa koti kipate joto. Alisema chuma cha baridi kinapasua midomo. Mfukoni mwa koti lile la kahawia, upande wa kulia, mfuko umelegea kwa ajili hiyo. Na siku ya kumvalisha, ndugu walileta suti. Mimi ndiye niliyesema hapana, Ibaba kuna baridi, mvalisheni koti lake. Wakamvalisha koti lake. Basi kipulizio kiko naye, chini ya udongo.

Hata hivyo nikampigia simu Anyisile. Nikamwambia aangalie chini ya kitanda, kwenye sanduku la randa na misumari, kwenye kopo la gundi. Nikasikia anavyohema na tumbo lake, anavuta vitu. Akarudi kwenye simu. "Mama, hakuna." Halafu mtandao ukakatika, tulikuwa tumeanza milima.

Mama Kulwa aliyasikia yote. Hakucheka tena. Akanitilia michembe mkononi. "Kula, bibi. Ukifika na njaa utaongea vibaya." Nikatafuna. Ni mitamu, lakini siku ile ilikuwa kama natafuna kamba.

Itumba mpaka Ibaba

Itumba tulikuta mvua. Simbeye akasema atajaribu. Tulipanda kidogo, tairi zikaanza kuzunguka bure, gari ikarudi kinyumenyume kuelekea korongo, watu wakaruka. Tukasukuma. Mimi waliniambia nikae pembeni nishike jogoo, basi nikashika jogoo, tarumbeta mgongoni, mvua kichwani. Mwisho Simbeye akafungua mlango akakaa, akavua viatu. "Mama zangu, mimi naishia hapa. Kuanzia hapa ni miguu yenu na Mungu."

Tukatembea, mimi na Mama Kulwa. Nilikuwa naangalia jua, na jua halikuwepo, na hilo lilinitisha zaidi kuliko lingekuwepo likizama. Mama Kulwa kila hatua analalamika. "Kwetu ni tambarare, ng'ombe unamwona mpaka anakuwa kama siafu. Ninyi mnaishi ukutani! Binti yangu analimaje huku, anafungwa kamba?"

Tukapita penye shimo la kupasulia mbao, lile alilofanyia kazi Asajile. Limeota majani sasa. Nikasimama, Mama Kulwa akadhani nimechoka. Kwenye shimo lile mtu mmoja anasimama juu ya gogo na mwingine chini shimoni, msumeno kati yao. Wa chini ndiye anayekula vumbi lote, machoni na kooni. Kwa desturi kijana ndiye anayewekwa chini. Ipyana alipofikia umri wa kushika msumeno, Asajile akamweka juu. Watu walimcheka. "Mjomba mtu anakula vumbi la mtoto?" Akawajibu kutoka mle shimoni, kichwa chote cheupe, "Huyu namtunzia mapafu. Nina kazi nayo." Maana alikuwa anamfundisha tarumbeta. Alianza kumfundisha angali mdogo kabisa, kwa bua la jani la boga, wanapuliza wote wawili uani, mimi nafukuza kelele kwa ufagio.

Nikawaza, mapafu yametunzwa, mtu yupo, tarumbeta lipo. Na kitu kidogo cha kutosha kiganjani ndicho nimekizika kwa mdomo wangu mwenyewe.

Kwenye njia panda Mama Kulwa akaonyeshwa nyumba ya binti yake. Akanipa michembe iliyobaki yote. "Mpe huyo wifi yako. Na mtoto wako Asajile afike salama."

Ibaba, kwa Tumpe

Nilifika moshi wa jioni ukiwa bado unatoka mapaani. Tumpe alikuwa jikoni amekaa kwenye ngozi yake ya ng'ombe, ndizi na maharage viko motoni. Hakunisalimia kwanza.

"Umelileta?"

"Nimelileta."

"Ndaga," akasema. Ndiyo asante yetu. "Nipe nilishike."

Nikamwekea mapajani. Akalipapasa mdomo mpana, akalipapasa kovu la mbuzi, akatabasamu. Mkono wake ukaanza kupanda kuelekea ule upande mwingine. Nikakivuta kitenge nikaufunika. "Limelowa, wifi, acha nilikaushe." Akaniangalia, nikaangalia moto. Nilishindwa kumwambia. Nilikuwa nimetembea mchana kutwa nikitafuta maneno, nikakosa hata moja.

Ipyana akaingia, mikono myeupe kwa chokaa, alikuwa anapaka makaburi. Tangu utotoni ananiita Mama, kama anavyomwita mama yake. Akanisalimia, akaliona tarumbeta, akasimama. Hakuligusa. Tumpe akamwekea chakula, hakula.

"Wenzangu wananisubiri kanisani," akasema, akatoka.

"Ana nini?" nikamuuliza Tumpe.

"Yuko hivyo tangu niliposema utalileta. Kula, wifi, ndizi zinapoa."

Nikajua ana kinyongo na mimi. Tarumbeta la mjomba wake nimelilaza chini ya kitanda Tunduma miezi yote hii, wakati yeye ndiye aliyefundishwa. Na hajui bado kwamba nimelileta halifai. Nilijilaza, lakini siwezi kusema nililala.

Kilimani

Alfajiri wakaja na matarumbeta yao wakiamsha nyumba kwa nyumba. Ukungu ulikuwa mzito, unasikia sauti kabla hujaona mtu. Nikalifunga langu mgongoni. Tumpe tulimkalisha mlangoni, mfuniko mapajani, khanga juu ya magoti. Akanishika pindo la gauni. "Mwambie avute mpaka mwisho. Masikio yangu siku hizi si mazuri."

Nikapanda nyuma ya watu. Katikati ya kilima Ipyana akajitoa kwenye mstari, akanisubiri.

"Mama, nina neno baya la kukwambia."

Nikasema moyoni, heri aanze yeye. "Sema, baba."

"Siku ile ya kumvalisha mjomba. Sisi wapwa ndio tulikuwa mle ndani. Nilipomfunga vifungo vya koti nikagusa mfukoni." Wengine wakatupita. "Wazee walikuwa wamesema kila alichokuwa nacho mwilini kiende naye. Mimi nikakitoa. Sikumwambia mtu. Nilijua ukija na tarumbeta utakitafuta, na utasema Ipyana alimwibia maiti."

Akaingiza mkono shingoni, ndani ya sweta, akavuta uzi wa katani. Kipulizio kilikuwa kinaning'inia hapo, kimeng'aa kwa jasho.

Nikakishika. Kilikuwa na joto.

"Mama, nisamehe."

"Nyamaza," nikamwambia. "Geuka huku unifungue mgongo. Haraka, jua linatoka."

Makaburini wakasoma majina. Tusajigwe Swila. Ambonisye Msongole. Zawadi, mtoto wa Kayange, aliyeondoka kabla hajajua kutembea. Mzee Lwitiko wa mashineni. Asajile Kibona. Walipolisema hilo la mwisho nilikuwa nimemwangalia Ipyana, midomo yake inatetemeka, nikaona hapa hapana tarumbeta litakalolia.

Wimbo ukaanza. La Ipyana likatoa upepo tu, fyuu. Mzee Mwampashi akamkata jicho. Likatoa upepo tena, halafu likakohoa, halafu likashika. Nikashusha pumzi. Wimbo ukaenda ukafika mwisho, Mzee Mwampashi akashusha mkono, wote wakashusha matarumbeta.

Ipyana hakushusha. Akaivuta. Peke yake, kwenye ule ukungu, kifua kimejaa, kile kifua kilichoepushwa na vumbi. Nikamwangalia Mzee Mwampashi nikidhani atamgombeza kama alivyomgombeza Asajile. Mzee alivua kofia yake, akaishika kifuani, akasubiri.

Sauti ikaisha. Hakuna aliyesogea, maana Ibaba yote inajua kinachosubiriwa. Ukungu umeziba bonde, nami nawaza, hajasikia, masikio yake si mazuri, hajasikia. Nikashika msalaba wa Asajile, chokaa ikanishika mkononi.

Kisha kutoka kule chini, mbali: ngo. Ngo, ngo, ngo, ngo. Hakuacha. Aligonga mpaka watu wakaanza kucheka wakilia, na Ipyana akakaa chini kwenye majani, tarumbeta mapajani, akajifuta midomo kwa mgongo wa mkono, vilevile kabisa kama mjomba wake.

Tarumbeta nimeliacha huko, na kipulizio chake. Michembe Tumpe aliila yote siku hiyohiyo.

Hiyo ndiyo habari yangu. Kama nimekosea jina la mtu, au nimemtanguliza wa nyuma, mniambie nisahihishe, hasa ninyi mlio na ndugu Ileje. Tumpe mwenyewe ameshanirekebisha kwa simu. Anasema mwaka huu mfuniko aliuweka pembeni, aligonga sufuria lenyewe, ili kaka asikie. Mimi nilisikia mfuniko. Kama kuna aliyekuwepo kilimani, aseme alisikia nini.